Hizo kilo ishirini sizitoi

Wiki hii nimeambiwa tena. Mgonjwa ameketi, hata hajamaliza kunieleza dawa anazotumia, akasema: "Daktari, nitoe kilo ishirini za mafuta tu, nyingine nitajipunguzia mwenyewe." Ombi hilo nimelisikia kwa hesabu za kila namna: kumi, kumi na tano, mara moja thelathini. Nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja.

Upasuaji wa kunyonya mafuta, wengine huuita laiposaksheni, hautibu unene. Ni upasuaji wa umbo. Unamfaa mtu ambaye uzito wake umetulia kwa miezi kadhaa na hauko mbali na unaomstahili, lakini ana sehemu iliyokataa kata kata kusikia lishe na mazoezi: ubavuni, mapajani, chini ya kidevu, chini ya kitovu. Huyo nitamsaidia. Anayetaka mzani ushuke nitamkosea nikimpokea.

Laiti ningeweza kumwonyesha kila mgonjwa chupa ya mashine baada ya kazi. Watu hudhani imejaa mafuta matupu. Iache itulie kidogo, utaona matabaka mawili: juu mafuta ya manjano, mazito, mfano wa siagi iliyoanza kulainika, chini maji yenye wekundu wa damu kidogo. Sehemu kubwa ya maji hayo tumeyaingiza sisi wenyewe kabla ya kunyonya. Ni maji ya chumvi yaliyochanganywa na lidokeini ya kutia ganzi na adrenalini ya kusinyaza mishipa ili damu isipotee. Mbinu hiyo ilitangazwa miaka ya 1980 na daktari wa ngozi Mmarekani, Jeffrey Klein, na imepunguza sana damu inayopotea katika upasuaji huu. Sasa piga hesabu. Jumla ya lita 5, mafuta na maji pamoja, tayari huhesabiwa kuwa kiasi kikubwa, cha kufanyiwa hospitalini na mgonjwa kulala chini ya uangalizi. Lita moja ya mafuta ina uzito wa takriban gramu 900. Ondoa maji, halafu niambie kilo ishirini zitatoka wapi.

Kuna ndugu wa dhana hiyo anayeniumiza zaidi: kwamba kitambi kikinyonywa, kisukari na presha vitaondoka nacho. Nikimpima mgonjwa wa namna hii, namlaza chali, namwomba anyanyue kichwa kidogo ili misuli ya tumbo ikaze, kisha nafinya. Ninachokishika kati ya vidole viwili ni mafuta ya chini ya ngozi, na hayo ndiyo kanula yangu, ule mrija mwembamba wa kunyonyea, inayafikia. Mara nyingi ni unene wa sentimita mbili au tatu, na kitambi kimebaki palepale, kigumu, kimesukumwa juu kutoka ndani. Hicho ni mafuta yanayozunguka utumbo na ini, nyuma ya ukuta wa misuli. Hakuna mpasuaji mwenye akili timamu atakayepitisha kanula huko. Na ndiyo mafuta yanayohusika zaidi na kisukari na maradhi ya moyo.

Jambo hili lilishapimwa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wanawake 15 wanene, baadhi yao wakiwa na kisukari. Walinyonywa mafuta ya karibu kilo 10 kila mmoja kwa wastani, kiasi ambacho mimi sikubali kukitoa. Wiki 10 hadi 12 baadaye sukari, presha na kolesteroli hazikuwa zimepata nafuu, na insulini ilifanya kazi vilevile. Kwa hiyo mgonjwa wangu wa kisukari asiache dawa zake kwa sababu suruali imemlegea. Nimeshaona aliyeacha.

"Mafuta yakitoka hayarudi." Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Seli zilizotolewa hazitarudi, lakini zilizobaki zinanenepa bila shida. Utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba wanawake walionyonywa mafuta ya tumbo kisha wakakaa bila mazoezi waliongeza mafuta yale ya ndani, mabaya zaidi. Waliofanya mazoezi hawakuongeza. Ndiyo sababu nauliza habari za mazoezi kabla sijapanga tarehe, na mgonjwa akinijibu "nitaanza baada ya upasuaji," namwambia aanze kwanza, arudi baada ya miezi mitatu.

Ngozi iliyolegea haikazwi kwa kunyonya. Ukitoa kilichoijaza, huenda ikaning'inia zaidi. Vile vishimo vya mapajani vinatokana na nyuzi zinazoivuta ngozi kutoka chini, kwa hiyo havitibiki kwa njia hii, na wakati mwingine huongezeka.

Wanaotarajia kuamka wakiwa wembamba, wiki ya kwanza huwavunja moyo. Mwili umevimba, umevilia damu, na mzani unaweza hata kupanda kwa sababu ya maji. Vazi la kubana linavaliwa kwa wiki kadhaa, na umbo halisi huonekana baada ya miezi mitatu, pengine sita. Ushauri wangu ni ule ule kila siku: ficha mzani, nunua futi ya fundi cherehani, jipime sehemu ile ile mara moja kwa mwezi.

Na tafadhali, usiuite upasuaji mdogo kwa kuwa matundu ni madogo. Kwa tundu hilo la chini ya sentimita moja kanula inaweza kutoboa utumbo. Ganzi ikizidi kipimo inaweza kusimamisha moyo. Mafuta yanaweza kuingia kwenye mishipa ya damu yakafika mapafuni. Uliza nani atasimamia ganzi au nusukaputi, na ukizidiwa usiku utapelekwa wapi. Daktari anayekasirikia maswali hayo, ondoka kwake. Nami nitakuuliza kuhusu sigara, vidonge vya uzazi wa mpango, aspirini na dawa za mitishamba. Usinifiche hata kimoja, kwa kuwa vingine huongeza hatari ya damu kuganda na vingine huifanya isikome kutoka.

Jioni ya siku ya upasuaji nataka uinuke utembee, hata kama ni hatua kumi hadi chooni na kurudi, ili damu isigande miguuni. Ukisikia muundi mmoja umevimba na unauma, pumzi inakuwa fupi, kifua kinachoma au homa inapanda, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali ya karibu usiku huohuo, uwaambie umetoka kunyonywa mafuta.