Pesa za jiji na michoro ya makumbusho: yanayosemwa na yaliyo kweli

Jiji likitajwa kutoa pesa za mchoro au sanamu hapa Kisumu, mabishano huanza siku rangi inapoanza kukauka. Utayasikia ndani ya matatu za Kondele, utayasoma kwenye vikundi vya WhatsApp vya mtaa: hospitali haina dawa, wao wanapaka ukuta. Hasira hiyo ina msingi wake na siikejeli. Ila huja miezi mingi baada ya uamuzi kufanyika, tena humwangukia asiyehusika, yaani kijana aliye juu ya jukwaa na brashi mkononi. Ukuta wa makumbusho huamuliwa kwenye makaratasi kabla kopo la kwanza halijafunguliwa, na mengi tunayoyaamini kuhusu makaratasi hayo si kweli.

"Makumbusho ni ya Nairobi, jiji halihusiki"

Nusu yake ni kweli. Makumbusho ya Kisumu yalifunguliwa mwaka 1980 na yako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, shirika la serikali kuu linaloongozwa na sheria ya mwaka 2006. Wafanyakazi wake hawalipwi na gavana.

Nusu ya pili imo kwenye Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Kumbukumbu na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yamebaki mikononi mwa serikali kuu. Kaunti zimepewa shughuli za kitamaduni na huduma za burudani, na humo zimeorodheshwa wazi maktaba, makumbusho, bustani na fuo. Kwa hiyo serikali mbili zinakutana kwenye lango moja, na Kifungu cha 189 kinazitaka zishirikiane, hata kwa kuunda kamati za pamoja. Kaunti inaweza kugharimia mchoro ndani ya ua wa makumbusho ya kitaifa, mradi yawepo makubaliano ya maandishi: ukuta ni wa nani, mchoro ni wa nani, na nani atausafisha. Bila karatasi hiyo kila upande utasubiri mwenzake mpaka plasta ianguke.

Nakuru nao wako katika hali hiyo hiyo. Hyrax Hill, kilima ambacho mwanaakiolojia Mary Leakey alikichimba mwaka 1937 na 1938, kilitangazwa kumbukumbu ya kitaifa mwaka 1943, ilhali watoto wanaokitembelea kila muhula ni wa shule za mjini humo.

"Jiji lina mfuko wake"

Halina, angalau si kwa namna watu wanavyofikiri. Wanaokumbuka manispaa ya zamani, na meya wake na madiwani wake, bado wanaongea kana kwamba ipo. Mfumo ule uliisha ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Leo jiji lina bodi na meneja chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, Kisumu kama Nakuru, iliyopata hadhi ya jiji Desemba 2021. Bodi hupanga na kukadiria, lakini anayepitisha shilingi ni bunge la kaunti. Ukimfokea meneja wa jiji kwa ajili ya sanamu usiyoitaka, umebisha mlango wa jirani. Aliyeinua mkono ni mwakilishi wa wadi yako.

"Hizo pesa zingenunua dawa"

Huenda zingenunua, na hapa ndipo wapenda sanaa tunapokosea tukijifanya hakuna ushindani. Upo, kwa kuwa kapu ni moja. Swali ni lini ushindani huo unafanyika.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kufikia Septemba 1 iliyotangulia, kaunti inapaswa kuwa imefikisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka bungeni. Februari 28 ndiyo siku ya mwisho ya taarifa ya mkakati wa fedha, ile inayoweka kiwango cha juu cha kila idara: afya hiki, barabara hiki, utamaduni na utalii hiki. Aprili 30 makadirio yenyewe yawe yamefika bungeni. Viwango hivyo vikishapita, idara ya utamaduni ikiacha kuchora ukuta, pesa zile haziendi zenyewe kwenye duka la dawa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inabana uhamishaji wa pesa kutoka mpango mmoja hadi mwingine. Zitabaki pale pale katika idara, na mwezi Juni utasikia zimeishia kwenye warsha hotelini.

Anayetaka dawa badala ya mchoro ana haki kabisa, ila wakati wake ni Februari. Anayetaka mchoro naye asije Juni na barua ya maombi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 hairuhusu pesa za umma kutengwa nje ya mfumo wa mipango, na mpango mkuu ni ule wa miaka mitano, ambao sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mradi usiotajwa humo hata kwa kifungu kipana cha "kuendeleza vituo vya utamaduni" utapata taabu kupenya.

Halafu kutengwa si kulipwa. Pesa hazitoki kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na mgao kutoka serikali kuu mara nyingi huchelewa. Msanii anayesoma kwenye gazeti kwamba mradi wake "umefadhiliwa" asikimbilie kukopa.

"Ni mapambo tu, ukuta haumfundishi mtoto"

Nenda Ber-gi-dala. Ndilo boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi ndani ya uwanja wa makumbusho ya Kisumu kwa ufadhili wa UNESCO: nyumba za wake watatu, nyumba ya mwana wa kwanza, maghala ya nafaka, zizi. Ukisimama langoni, nyumba ya mikayi, mke mkubwa, inakutazama moja kwa moja kutoka upande wa ndani kabisa. Nyachira na reru, wake wa pili na wa tatu, wako kandokando yake. Simba, yaani nyumba ya mwana, iko karibu na lango, kwa kuwa yeye ndiye atakayetoka siku moja akaanzishe boma lake. Mwalimu anaweza kueleza urithi, cheo na ulinzi darasani kipindi kizima, watoto wakaandika, wakasahau. Pale mtoto anatembea kutoka lango hadi mlango wa mikayi na utaratibu mzima ameupita kwa miguu yake. Sanaa ya umma inayofundisha iko hivyo, hata kama waliojenga hawakuiita sanaa.

Hyrax Hill kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba wenyewe. Mtoto anayejua kucheza huchuchumaa bila kuambiwa.

Lakini wakosoaji wana hoja moja nzito, nami niko upande wao: michoro mingi tunayolipia haifundishi chochote. Utaona twiga, utaona simba, ramani ya Kenya na maneno ya kuhimiza bidii. Mtoto wa Nyalenda ameona simba wengi ukutani kuliko kamongo, samaki wa ziwani, na kamongo anauzwa karibu na kwao. Makumbusho ya Kisumu yana matangi ya samaki wa ziwa. Fikiria ukuta wa nje unaoendeleza somo la matangi: ngege, ningu, mumi, kamongo na fulu kwa umbo lao halisi, kila mmoja na jina lake la Kijaluo na la Kiswahili, kisha mbuta, yaani sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, akichorwa kwa ukubwa wake wa kutisha, na fulu wanaopungua kadiri ukuta unavyosonga mbele. Omena wawepo pia, maana hao bado wanatulisha. Mwanafunzi anaweza kuhesabu, kulinganisha, kuuliza nani alimleta mbuta na kwa nini.

Ukuta wa twiga na ukuta wa samaki hutumia rangi ile ile na fundi yule yule. Kinachotofautiana ni waraka wa kazi anaopewa msanii. Ukisema tu "mchoro wa kupendeza wenye mandhari ya Kiafrika", umeagiza twiga. Ukitaja somo gani, darasa la ngapi, na mwalimu na mtaalamu yupi wa makumbusho atakayekagua rasimu, umeagiza funzo. Gharama ya ziada ni mikutano michache na chai.

"Kuwashirikisha wananchi ni kupoteza wakati"

Kwanza si hiari. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi na ushirikishwaji wa umma katika masuala ya fedha. Pili, Kisumu ilishapata somo. Mwaka 2014 sanamu iliyowekwa mjini na jamii ya Masingasinga iliondolewa baada ya wakazi kuandamana, baadhi wakidai ni ya kishetani. Haikuwa ya kishetani, na familia za Masingasinga zimeishi Kisumu vizazi na vizazi. Lakini mtu anayekuta kitu kigeni kwenye njia yake bila maelezo hujitungia yake mwenyewe. Kikao kimoja Manyatta, kingine sokoni Kibuye, na kibao chenye maelezo kwa Kiswahili na Kijaluo ni rahisi kuliko kubomoa.

"Marekani haya hulipwa na matajiri"

Matajiri wapo. Lakini Philadelphia iliweka kwenye kanuni zake mwaka 1959 kwamba sehemu ya gharama za ujenzi wa umma iende kwa sanaa, na Seattle ikatenga asilimia moja mwaka 1973. Zilikuwa pesa za mji, kwa uamuzi wa mji.

"Msanii anaipenda kazi yake, mpe nafasi ajulikane"

Mkono mtupu haulambwi. Kabla hajachora, msanii wa ukuta wa samaki atakwenda Dunga kutazama samaki wakishushwa, atachora rasimu, atarekebisha baada ya mwalimu kusema pezi la ngege si hivyo. Kisha kuna kukodi jukwaa, msaidizi, rangi ya chini, rangi ya nje inayostahimili jua, na siku za mvua ambazo hakuna kazi ila njaa ipo. Bajeti inayohesabu rangi peke yake imemwibia mtu.

Kwa upande wake, msanii ajue mambo mawili. Asilimia 30 ya manunuzi ya umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini bila biashara iliyosajiliwa na cheti cha ulipaji kodi hataonekana. La pili huwashtua wengi: chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi uliyoagizwa na kulipwa huhesabika kwamba hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukitaka kubaki na haki ya kuchapisha samaki wako kwenye fulana, iandikwe kwenye mkataba kabla ya kutia sahihi. Haki ya kutajwa kuwa mchoraji, na ya kupinga kazi yako isipotoshwe, inabaki yako.

"Ikishazinduliwa, kazi imekwisha"

Utepe ukishakatwa, jua la Kisumu linaanza kazi yake. Nyekundu kali na waridi za bei rahisi hufifia kwanza, rangi za udongo hudumu. Unyevu hupanda kutoka kwenye msingi, chumvi inatokeza juu ya plasta na rangi inabambuka kutoka chini, hasa pale ambapo mtu alipaka kabla ukuta haujakauka. Baada ya mvua za masika kadhaa, mbuta amebaki nusu na mwalimu anaruka sehemu hiyo.

Kujenga na kuchora hutoka kwenye fedha za maendeleo, ambazo sheria inataka zisipungue asilimia 30 ya bajeti ya kaunti. Kuosha, kuziba nyufa na kupaka upya hutoka kwenye matumizi ya kawaida, fungu lingine kabisa, mara nyingi la idara nyingine. Kwa hiyo ukipata makadirio ya mwaka ujao mkononi, usiishie kwenye ukurasa wa miradi mipya. Fungua matumizi ya kawaida ya idara ya utamaduni, tafuta mstari wa matengenezo, uone kama ukuta wa mwaka jana umetajwa.