Mtoto njiti kuwekewa oksijeni siyo kukatiwa tamaa

Wengi wanaamini mtoto njiti akishawekewa oksijeni ndo basi tena, au mashine itamharibu mapafu, bora aachwe apumue mwenyewe. Woga huo unaeleweka, ile mirija puani inatisha kweli. Ila mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32 mara nyingi mapafu yake hayajatengeneza vya kutosha ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinywee, kwahiyo kila pumzi anaanza upya kuvifungua, anachoka, utamsikia anaguna na mbavu zinabonyea ndani. Mashine ya sipapu inasukuma hewa kwa presha ndogo puani vifuko vibaki wazi, na ikianzwa mapema inapunguza uwezekano wa kuhitaji ile yenye mrija kooni, ambayo ndo inaumiza zaidi mapafu machanga. Oksijeni ikizidi nayo inadhuru mapafu na macho, hilo ni kweli kabisa, ndo maana inapimwa. Muulize nesi, "Sista, oksijeni ya mwanangu inasoma ngapi?" Kile kitaa chekundu mguuni ndo kinachopima oksijeni iliyo kwenye damu, na njiti aliye kwenye oksijeni kwa kawaida hulengwa asilimia 90 hadi 95. Na wanaobaki na ugonjwa sugu wa mapafu, wengi huachishwa oksijeni taratibu kadiri wanavyokua.