Mshahara wa kuanzia polisi Marekani: ile namba ya kwenye tangazo maana yake nini hasa

Mshahara wa kuanzia ni hela ya mwaka mzima, kabla ya makato, ambayo idara ya polisi inakuahidi wewe ambaye hujawahi hata kushika pingu. Ni hiyo tu. Haikuambii mwaka wa tatu utakuwa wapi, haikuambii utafanya masaa mangapi, na mara nyingine hata hizo siku za mafunzo hazimo, lakini ndo namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo na ndo inayowachanganya vijana wetu huku.

Na wanachanganyikiwa kwa sababu kwetu hili swali halipo. Polisi ni mmoja nchi nzima, ukitoka Kiganjo au ukitoka Moshi unapangiwa, konstebo wa Lodwar na konstebo wa Mombasa wako kwenye skeli moja, wanatofautiana posho tu ya mazingira. Nani kwetu alishawahi kukaa chini achague polisi ya kujiunga nayo? Marekani sasa kuna idara kama 18,000, mji una yake, kaunti ina ya sherifu, jimbo lina yake, chuo kikuu kina yake, na kila moja ni mwajiri anayejitegemea mwenye bajeti yake na skeli yake. Unavuka taa za barabarani tu umeshatoka idara moja umeingia nyingine, wote wana bunduki na gari za ving'ora, mmoja anamzidi mwenzake dola elfu 20 kwa mwaka.

San Francisco kuruta anaanza juu ya dola 100,000. Kuna miji midogo ya kusini huko hafikishi hata nusu ya hiyo. Ukiangalia polisi wa doria wote kwa pamoja, wapya na wakongwe, mwaka 2023 wa katikati kabisa alikuwa anapata kama elfu 72, kwa hiyo mtu akikuambia anaanza na 70 usimcheke.

Kilichonifanya niandike ni mtoto wa dada yangu. Alinipigia usiku nimetoka shifti, ana barua mbili za kuajiriwa. "Anko, huku wananipa 68, huku 56, si jibu liko wazi?" Nikamwambia nitafutie jedwali la stepu za idara zote mbili kisha tuongee.

Stepu ni ngazi za mshahara, kila mwaka ukimaliza unapanda moja mpaka ufike kileleni, baada ya hapo unasubiri tu nyongeza ya mkataba wa chama cha askari na mji. Ile ya 68 ilikuwa inapanda elfu moja moja, yaani 68, 69, 70, 71, 72. Ile ya 56 ikaenda 62, 70, 79, mwaka wa tano 88. Tukajumlisha kwenye nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Miaka minne ya kwanza ile ya 68 inakupa jumla 278, nyingine 267, kwa hiyo dogo alikuwa bado anacheka. Mwaka wa tano ukiingia inakuwa 350 kwa 355, na mwaka wa sita mmoja anapata 73 mwenzake yuko 88, na pengo la namna hiyo linaendelea miaka mingi. Kimya kidogo kwenye simu. Halafu: "Kumbe."

New York wameishi na hili muda mrefu. Kabla ya mkataba wa 2023 kuruta wa pale alianza na dola 42,500, anasota miaka mitano na nusu ndo anafika kileleni, na besiki (mshahara wenyewe bila posho) ya kileleni ilikuwa 85,292, yaani mara mbili na kidogo. Mkataba ule ukapandisha cha kuanzia mpaka kama elfu 55. Sasa mtu wa nje anaona 42,500 kwenye jiji lile anashangaa nani anakubali, aliyekubali alikuwa anaangalia mwaka wa sita. Ila na kodi ya nyumba ya mwaka wa kwanza nayo haingoji mwaka wa sita, tusidanganyane, kama una watoto wawili na huna ndugu wa kukuhifadhi stepu nzuri ya baadaye haikulishi leo.

Kitu cha pili ambacho mimi binafsi naona watu wengi wanakipita ni masaa. Mshahara wa mwaka umeandikwa, lakini gawa. Mtu wa masaa 40 kwa wiki anafanya masaa 2,080 kwa mwaka. Idara nyingi zinatumia shifti za masaa 12, siku saba katika kila siku 14, hiyo ni masaa 84, kwa mwaka inakuwa 2,184. Elfu 60 kwa masaa ya kwanza ni kama dola 28.85 kwa saa, kwa masaa ya pili ni 27.47. Na usidhani yale manne ya ziada ni ovataimu, sheria ya kazi ya shirikisho ina kipengele maalum cha polisi kinachomruhusu mwajiri akufikishe masaa 86 katika siku 14 kabla hajalazimika kukulipa moja na nusu. Idara nyingine mkataba wao ni mzuri zaidi ya sheria, wanalipa ovataimu ukizidisha tu shifti yako, kwa hiyo uliza. Na uliza pia kwenda mahakamani kutoa ushahidi siku yako ya ofu wanahesabu masaa mangapi kwa uchache, maana kuna wanaokulipa muda uliokaa tu na kuna wanaokuhesabia masaa matatu au manne hata kama hakimu ameahirisha kesi ndani ya dakika kumi.

Akademi nayo, yaani chuo cha mafunzo ya polisi. Pengine wanakuajiri kwanza ndo wanakupeleka, unalipwa ukiwa mafunzoni, ila kwa kiwango cha kuruta ambacho kiko chini ya ile namba ya tangazo. Majimbo kama Texas, Florida na Ohio unaweza kujilipia mwenyewe ndo uombe kazi baadaye, na hiyo ni miezi kadhaa huingizi hata senti, ada juu. Ukisomeshwa na idara soma karatasi unayosaini, nyingi zinasema ukiondoka kabla ya miaka fulani unarudisha gharama.

Bonasi za kusaini sitaki kuzungumza sana kwa sababu zinawatoa watu akili. Mji wa Alameda kule California mwaka 2023 ulitangaza dola 75,000. Seattle mwaka 2024 wakaweka 50,000 kwa askari wenye uzoefu kutoka idara nyingine, wapya wao waliwekewa 7,500 tu, ambayo ndo hali ilivyo, hela kubwa kwa kawaida ni ya mtu ambaye tayari ana cheti. Bonasi inakatwa kodi, mara nyingi inakuja kwa mafungu, na ikiisha imeisha, haikai ndani ya besiki.

Pensheni ndo inahesabiwa kwa besiki. California, aliyeingia kwenye mfumo kuanzia 2013 na idara yake iko kwenye fomyula ya juu kabisa ya wapya, anapata asilimia 2.7 kwa kila mwaka wa kazi akistaafu na miaka 57. Miaka 25 ni asilimia 67.5, ya nini? Ya wastani wa miaka mitatu iliyo juu kuliko yote. Mshahara wa kuanzia humo haumo kabisa. Halafu ziko idara ambazo hazikukati Social Security, mkononi unaona nono, ila ile pensheni ya serikali kuu haujengi, kwa hiyo ukikaa miaka mitatu ukaacha umebaki na pengo.

Kodi ya jimbo ya mapato Texas na Florida hakuna, jimbo la Washington pia mshahara haukatwi. Ukinunua nyumba Texas kodi ya majengo itakutafuta, lakini hiyo ni stori nyingine. Bima ya afya ya familia ndo hesabu ya karibu zaidi: ile idara ya 68 ilikuwa inamkata dogo dola 640 kwa mwezi yeye na mke na mtoto, ile ya 56 dola 110. Hiyo peke yake ni 6,360 kwa mwaka, nusu ya ule utofauti uliomfanya anipigie simu usiku imeshaliwa.

Kwa sisi kuna mambo mawili ya kuuliza mapema. Uraia: idara nyingi bado wanautaka, ila California tangu 2023 na Illinois tangu 2024 sheria za jimbo zimefungua mlango kwa wenye kibali cha kufanya kazi. Na posho ya lugha: wengi wanayo, wengi wanafikiria Kihispania kwanza, uliza kama Kiswahili kimo kwenye orodha, na kama hakimo uliza nani anapanga hiyo orodha.

Jedwali lenyewe la stepu si siri. Penye chama cha askari liko kwenye mkataba wa chama na mji, mara nyingi kurasa za mwisho mwisho, na mji unauweka wazi. North Carolina, ambako sheria hairuhusu mji kusaini mkataba na chama, omba mpango wa mishahara wa mji. Dogo alipiga simu ofisi ya rasilimali watu asubuhi yake, dada wa pale akamtumia faili kabla hata hajamaliza chai. Ameenda kule kwa 56. Mkewe bado hajakubali vizuri.