Kunyeshewa hakuleti malaria

Kila masika, makundi ya WhatsApp hapa Kisumu hupokea ujumbe uleule: ukinyeshewa au ukipigwa na baridi ya usiku, utapata malaria. Si kweli.

Imani hii ni ya kale. Katika miji ya kikoloni ya karne ya 19 watu waliona homa ikizidi majira ya mvua, wakailaumu hewa mbaya ya vinamasi; jina malaria lenyewe lina maana hiyo kwa Kiitaliano. Vimelea vinavyosababisha malaria vilionekana katika damu mwaka 1880 nchini Algeria, na mwaka 1897 nchini India vikapatikana ndani ya mbu.

Mvua huacha madimbwi, mbu wakazaliana humo. Kutoka kuumwa na mbu hadi homa ni siku saba au zaidi, kwa hiyo mvua ya leo haikuletei homa usiku huu. Na kama baridi ingekuwa chanzo, Nakuru, mji wa nyanda za juu wenye baridi, ingetushinda kwa malaria. Kumbe huko juu ni nadra zaidi.

Ukiwa na homa, nenda ukapimwe damu mapema, hasa mtoto. Ujumbe huo tafadhali usiusambaze, maana anayeuamini hununua sweta akasahau neti.