Dume wako ananuka kwa sababu umeosha kizimba

Wiki hii imekuja tena. Picha ya kizimba cha shuga glaida, yule mnyama mdogo wa mitini anayepaa toka mti hadi mti na ambaye jike hubeba watoto katika mfuko wa tumboni. Kizimba kinang'aa kama sahani ya mgeni: waya mweupe, mifuko ya kulalia mipya ambayo bado ina mikunjo ya paketi, matawi yamesuguliwa mpaka yamepauka. Chini ya picha, swali lile lile: "Nimeosha kila kitu kwa dawa, nimefua kila kitu, mbona dume ananuka kuliko jana, na usiku kucha wanazozana?" Nimelijibu swali hili mara nyingi kiasi kwamba nikiona tu picha inang'aa, najua kinachofuata. Kwa hiyo leo naliandika lote. Atakayeniuliza tena nitamtuma huku.

Dume wako ananuka kwa sababu umeosha. Basi.

Sasa kwa wanaotaka maelezo. Shuga glaida dume aliyekomaa ana kile kipara utosini ambacho kila anayeanza kufuga hudhani ni ugonjwa wa ngozi. Si ugonjwa, ni tezi ya harufu. Ana nyingine kifuani, na nyingine ziko huku nyuma, ambazo jike naye anazo. Hawa wanyama hawatambuani kwa sura. Porini hulala kundi zima katika pango moja la mti, na anayetambulika kuwa wa nyumbani ni yule mwenye harufu ya nyumbani. Dume anajisugua utosi kwenye kifua cha jike, anasugua kifua chake kwenye matawi, anawapaka watoto, anapaka mlango. Kwake harufu ile ndiyo hati ya nyumba, na ndiyo orodha ya familia pia.

Halafu wewe unakuja mchana, yeye kalala, unachukua hati yote na orodha yote, unavichemsha, unavisuuza, unavianika juani. Anaamka jioni katika nyumba ya watu asiowajua. Ulitaka afanye nini? Anaingia kazini.

Nilijionea mwenyewe miaka ya mwanzo, nilipokuwa mtu wa "Jumamosi ni siku ya usafi." Nilikaa mbele ya kizimba na tochi nyekundu. Dume hakugusa chakula kwanza. Alianza kona ya juu kushoto: utosi, kifua, anageuka, anaburuta makalio, anasogea kidogo, anarudia. Akamaliza ubao, akaenda kwenye gurudumu, akaenda kwenye mfuko mpya, akatoka, akamshika jike na kumpaka kwa nguvu mpaka jike akamzomea kwa ile sauti yao ya mashine iliyokwama. Alfajiri manyoya ya kifua chake yalikuwa yameloa na kushikana, rangi imegeuka kuwa ya njano chafu. Chumba kilinuka kupita nilivyokiacha. Na mimi, kwa akili zangu zote, nikafanya nini? Nikaosha tena. Karibu miezi minne tulishindana hivyo, mimi na mnyama wa gramu 130, na aliyekuwa anashindwa ni mimi.

Kabla hamjaniandikia: sijasema msioshe. Kuna kundi jingine, nalo linanikera vilevile, la wale wanaosema porini hakuna anayeosha pango la mti, kwa hiyo waacheni. Kweli, hakuna anayeosha. Lakini porini hawana pango moja. Kundi lina mapango kadhaa na huhamahama. Likichoka hili, linalala kule. Wako hawawezi kuhama. Mkojo ukikaa kwenye mfuko unageuka amonia, na amonia katika mfuko wenye tundu moja, wanyama wawili wamelala puani mwa mwenzao kwa muda wa saa kumi na mbili, inachoma njia za hewa. Kwa hiyo lazima usafishe. Hoja yangu ni kwamba usisafishe vyote kwa pamoja.

Ninavyofanya ni hivi. Wangu wana mifuko mitatu muda wote: mmoja wanaolala, mmoja wanaoutembelea, mmoja ambao ni kama umesahauliwa. Kila baada ya siku tatu au nne natoa uliochafuka zaidi, nautundika ulio safi, miwili mingine siigusi. Wao wenyewe watahamia wanakotaka, kama wangehamia pango jingine. Wiki hii nafuta waya wa upande wa juu, wiki ijayo wa chini. Trei natoa kila siku mbili kwa sababu hakuna mnyama anayeijali trei. Mbao na ngazi za plastiki naziosha nusu kwa nusu. Matawi ni ya mwisho kabisa. Mti unanyonya harufu na kuitunza, na kwangu ndio kumbukumbu ya kizimba. Nikiona tawi limelainika au limeota ukungu nalitupa, lakini moja moja.

Je, nusu ndicho kipimo sahihi? Pengine theluthi ingetosha, pengine robo tatu isingewadhuru. Nusu ni kipimo nilichokifikia kwa kujaribu na wanyama wangu, na nina jike mmoja ambaye hajali hata ukimhamishia nyumba nyingine kabisa, kwa hiyo msilichukue kama andiko.

Na hapa ndipo wengi wanaposhangaa: uvundo wenyewe mara nyingi hauko mnakoosha. Fumba macho, sogeza pua taratibu kuanzia juu ya kizimba kushuka chini. Utasimama kwenye gurudumu. Shuga glaida anakojoa huku anakimbia, gurudumu linazunguka, mkojo unarushwa kama matone ya tairi la baiskeli siku ya mvua. Sogeza kizimba utazame ukuta nyuma yake, kwa kimo cha gurudumu: kuna mstari. Kwangu ulikuwa na upana wa viganja viwili, rangi ya chai, unang'aa ukipigwa mwanga. Nilikuwa nafua mifuko kila wiki kwa kosa la ukuta. Gurudumu huoshwa karibu kila siku, na ukuta huwekewa karatasi ya plastiki. Gurudumu si mahali pakuu pa hati, kwa hiyo hilo sugueni mpaka mridhike.

Mahali pa pili ni chakula. Wanafyonza tunda, wanabaki na kitonge cha nyuzi, wanakitema popote walipo. Kitonge hicho kinakauka chini ya ubao mahali mkono haufiki. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko, toboa tundu la kuingilia upande mmoja, laini kingo, weka sahani ndani. Watatemea humo. Asubuhi toa kopo zima. Ukiacha tunda kutwa nzima kwenye joto, usinilaumu kwa sisimizi.

Mahali pa tatu ni dume asiyehasiwa. Huyo atanuka tu. Akihasiwa, kipara kinafunikwa na manyoya taratibu na harufu inapungua sana. Hili ni la daktari wa wanyama anayewajua hawa, wala haliko kwenye chupa ya dawa ya madoa.

Sasa dawa. Maji ya moto, siki nusu na maji nusu, kitambaa, mswaki wa zamani kwa viungo vya waya. Siki haiui kila kidudu na sijawahi kudai inaua. Naitumia kwa sababu inaondoa ule ukoko mweupe wa mkojo na harufu yake inapotea ikikauka. Blichi ni ya siku ya ugonjwa, ikiwa imezimuliwa, kizimba kikiwa tupu, nje, kisha suuza mpaka uchoke na uache kikauke kabisa. Usiimwage juu ya mkojo mbichi: blichi na amonia hutoa hewa yenye sumu. Usiichanganye na siki, hapo unatengeneza gesi ya klorini sebuleni kwako. Sabuni yenye manukato, na zile dawa za kulainishia nguo, acha kabisa. Umeondoa harufu yake halafu umepaka ya maua. Kwake ni kama jirani asiyemjua kahamia chumbani.

Kuna wakati lazima uoshe vyote, na wakati huo ndio unaothibitisha ninayosema. Ukitaka kuunganisha wanyama wageni na wenyeji, usimwingize mgeni katika kizimba chenye hati ya mwenyeji. Atapigwa. Unakwangua kila kitu, unabadilisha mpangilio wa matawi, mifuko yote mipya, unawaweka wote mahali ambapo hakuna mwenye nyumba. Yaani usafi ule ule mnaoufanya kila Jumamosi kwa nia njema, sisi tunautumia makusudi kumfanya dume asijue yuko wapi. Fikirieni hilo mnapochukua ndoo.

Wakati wa pili ni ugonjwa, hasa kuhara kwa vimelea. Hapo unaosha vyote, tena kila siku, na harufu ya nyumbani inakwenda na maji. Hapa sina njia nzuri. Nawapa kipande cha kitambaa nilichovaa mimi shingoni siku mbili, kwa kuwa harufu yangu wanaijua. Kinasaidia au kinanifariji mimi tu? Sithubutu kuapa. Na kama kuna watoto waliotoka karibuni katika mfuko wa tumbo la mama, bado hawajafungua macho, usianze usafi mkubwa kabisa bila sababu ya kitabibu. Mama mwenye hofu anaweza kuwatupa au kuwala. Badilisha trei, ondoka.

Kuhusu kizimba chenyewe nitaenda haraka, kwa sababu haya yanajulikana, au yangepaswa kujulikana. Urefu wa kwenda juu ni muhimu kuliko upana: kwa wawili, sentimita 60 kwa 60 na urefu wa 90 ndicho kiwango cha chini. Nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita 1.2, kichwa kikipita, mwili umepita. Tangi la kioo halina hewa, liachieni samaki. Waya uliopakwa zinki unaliwa na mkojo, unashika kutu, na zinki yenyewe ni sumu wakiilamba. Tafuta waya wenye rangi ngumu isiyobanduka. Milango ya kuinua juu wanaifungua kwa mikono yao, msicheke, tia klipu. Gurudumu liwe la kipenyo cha sentimita 28 kwenda juu, bila mhimili unaokatiza katikati, maana mkia unajizungushia humo. Maranda ya msonobari na mwerezi hapana. Weka mbali na jua la dirishani na mbali na upepo, katika nyuzi joto 24 hadi 27. Wakipata baridi sana wanaingia katika usingizi mzito, na nimepokea simu za kilio kwa mnyama ambaye hakuwa amekufa. Na wawe wawili au zaidi. Wa peke yake hujing'ata mpaka kujikatakata, na hakuna kizimba kinachotibu upweke.

Mifuko nitasimama kidogo. Kitambaa kiwe cha flisi, kile laini cha kutengenezea blanketi, mishono ifichwe katikati ya tabaka mbili. Kila ukifua, geuza ndani nje, pitisha kidole kwenye mshono wote. Unatafuta uzi mmoja. Niliupata mmoja saa tisa usiku kwa kufuata sauti ya kubweka: jike alikuwa ananing'inia kwa kidole cha nyuma, uzi umejizungusha mara tatu, kidole kimevimba na kuwa cha zambarau. Nilikata kwa mkasi mdogo wa kucha huku ananing'ata mkono mwingine. Kidole kilipona. Mfuko ule ulikuwa umefuliwa juzi yake, unanukia sabuni, na mimi nilikuwa nimeutazama nikauona umependeza.

Yule wa wiki hii nilimuuliza kama kuna chochote ambacho hakijafuliwa. Akasema upo mfuko mmoja tu, ulikuwa umeanguka nyuma ya kapu la nguo chafu, unanuka vibaya, anaona haya hata kuusema. Nikamwambia autundike sasa hivi, ulivyo. Baada ya saa moja akatuma picha nyingine: mifuko mipya minne imening'inia mitupu, na ule mchafu umetuna kama embe, mkia mmoja umechomoza nje.