Komiseri asiye polisi

Hapa Lubumbashi ukitaja komiseri, mtu anawaza vyeo mabegani. Kumbe Uingereza na Wales wana komiseri ambaye si polisi hata kidogo: havai yunifomu, wala hawezi kumtia pingu mwizi wa kuku. Cheo chake ni Kamishna wa Polisi na Uhalifu, na raia ndio wanaompa kwa kura.

Kazi yake ni kupanga bajeti ya polisi wa eneo lake, kuandika mpango wa usalama, na kumwajiri mkuu wa polisi au hata kumfukuza. Ila hana ruhusa ya kusema "kamata huyu, achia yule". Sheria ya 2011 iliyoleta cheo hiki inaishia hapo.

Kwetu polisi ni wa taifa, amri zinashuka kutoka Kinshasa. Hata bugumestri, yaani mkuu wa komini kama Katuba au Ruashi, hatumchagui wenyewe moja kwa moja. Wezi wakiingia usiku tunapiga sufuria na filimbi. Kukicha tunalalamika, lakini wa kumnyima kura hatumwoni. Ungedhani wenzetu walioletewa mtu kama huyo walimkimbilia.

Wapi! Siku ya kwanza ya kumchagua, 15 Novemba 2012, walijitokeza kama 15 tu katika kila wapiga kura 100. Kule Bettws, mjini Newport, kituo kimoja kilikaa wazi tangu asubuhi hadi usiku na hakuna aliyeingia kupiga kura. Sanduku likarudi tupu.

Mimi sisemi walimchukia. Ilikuwa Novemba, baridi, na karibu kila mahali kura ilikuwa hiyo peke yake. Mwaka 2021 ilipofanyika Mei pamoja na ya madiwani, walifika karibu 33 kwa 100. Wengi nadhani walifuata kura nyingine, hii wakaikuta mezani. Kinachonishtua zaidi ni hiki: mwaka 2012, makamishna 12 kati ya 41 hawakuwa na chama, maana wapo raia waliotaka siasa ikae mbali na polisi. Mwaka 2021 hakupita hata mmoja wa aina hiyo. Kiti kilishakuwa mali ya vyama.

Novemba 2025 serikali yao ilitangaza kwamba cheo kitafutwa muhula ukiisha, Mei 2028, na kazi zake ziende kwa mameya na viongozi wa halmashauri. Basi yule wanayemchagua kwa ajili ya barabara na takataka ndiye atakayewauliza polisi kuhusu wezi pia.