Je, wajua kwa nini anayelala nje hupigwa na baridi ya mgongoni?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja kuhusu kulala nje penye baridi: ongeza blanketi. Ukitetemeka bado, ongeza lingine. Usiku mmoja nililala juu ya turubai, nimejifunika mablanketi matatu mazito hadi kidevuni. Saa tisa usiku niliamka kifua kikiwa na joto la kutosha, ila mgongo, nyonga na visigino vilikuwa vimepoa kama vimelazwa juu ya jiwe la mtoni. Nikageukia ubavu. Dakika chache baadaye ubavu nao ukapoa. Mwenzangu aliyelala hatua mbili kutoka nilipokuwa alikuwa na blanketi moja tu juu, lakini chini alikuwa ametandika majani makavu unene wa shubiri nzima, na juu ya majani akatandaza maboksi. Alilala hadi kulipokucha.

Nadhani kosa langu lilianzia kwenye maneno. Tunasema baridi inaingia, baridi imenipiga, funga mlango baridi isiingie. Ukiyasikia hayo tangu utotoni, unaiona baridi kama kitu kinachosafiri, kinachoshuka kutoka juu kikitafuta mwanya wa kupenya. Kwa hiyo unaziba juu. Kumbe kinachosafiri ni joto, nalo huelekea upande mmoja tu: linatoka penye joto zaidi na kwenda penye joto kidogo. Hata upepo, ambao kweli unaingia, hukudhuru kwa sababu unaichukua hewa uliyokwisha kuipasha moto na kuondoka nayo. Blanketi lenyewe halina joto lake. Lifunikie jiwe usiku kucha, asubuhi utalikuta jiwe limepoa vilevile. Chanzo cha joto ni mwili, na mwili wa mtu mzima aliyelala hutoa takribani wati 80, pungufu kidogo ya ile balbu ya zamani ya wati 100. Hayo ndiyo matumizi yako ya usiku mzima. Swali ni yanavujia wapi.

Hapo ndipo mambo yanapopendeza. Kinachokupa joto ndani ya blanketi, sweta au mfuko wa kulalia si uzi wala kitambaa, ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi na kuzuiwa isisogee. Chukua bonge la pamba au sufi, liweke kiganjani: ni kubwa, jepesi, na karibu lote ni hewa. Sasa libane kati ya viganja viwili kwa nguvu. Linabaki bapa kama karatasi nzito. Pamba ni ileile, hakuna hata unyuzi uliopungua, lakini hewa imetoka, na kinga imeondoka nayo. Mwili wako unaufanyia hivyohivyo mfuko wa kulalia kila unapojilaza. Upande wa juu umefura na unafanya kazi yake. Upande wa chini, hasa penye mabega, nyonga na visigino, umebanwa hadi umebaki kitambaa.

Na kilicho chini ya kitambaa hicho kina njaa ya joto. Simama miguu mitupu, mguu mmoja kwenye vigae na mwingine kwenye zulia, ndani ya chumba kimoja. Kigae kinauma kwa baridi, zulia halina neno, ilhali ukivipima vyote viwili kwa kipimajoto utakuta viko sawasawa. Tofauti ni kasi ambayo kila kimoja kinalinyonya joto la unyayo. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, barafu zaidi ya mara 80, na udongo wenye unyevu makumi ya mara. Zaidi ya hayo, ardhi ni kubwa mno. Hewa iliyokuzunguka ukiisitiri vizuri inapata moto upesi. Ardhi utaipasha kidogo tu chini ya mgongo, kisha joto linaendelea kuzama. Mimi na mablanketi yangu matatu tulikuwa tunafunika mdomo wa mtungi uliotoboka kitako.

Tufanye hesabu ya mfano. Ngozi ya mgongoni iwe na nyuzi joto 33, ardhi nyuzi 8, na sehemu ya mwili inayogusa chini iwe na eneo la mita za mraba 0.4. Chini kuna sponji ya sentimita 1. Kwa kipimo cha kawaida cha sponji, zitapita kama wati 40, yaani nusu ya joto lote unalotengeneza. Weka sponji ya pili juu ya ile ya kwanza, zinabaki 20. Katika hali halisi namba hizi hushuka kwa kiasi fulani, kwa kuwa udongo unaoulalia nao hupata joto, na hupanda ukiwa umelowa. Lakini uwiano ni huo. Ndiyo maana watengenezaji wa magodoro ya safari huyapa namba ya kinga iitwayo thamani R, na uzuri wake ni kwamba namba hizo hujumlishwa: godoro la R 2 juu ya lingine la R 3 ni sawa na la R 5.

Kuna kituko kimoja ambacho hunifurahisha kila ninapokielezea. Ikiwa hewa ndiyo kinga, basi godoro la kujaza upepo, ambalo ndani ni hewa tupu, lilipaswa kuwa bora kuliko yote. Sivyo. Ndani ya godoro hilo hewa ina nafasi ya kuzunguka, na kila unapojigeuza unaisukuma huku na huku, nayo inabeba joto lako kulipeleka kwenye upande wa chini uliogusa ardhi. Hewa inakinga pale tu inapokosa pa kwenda. Magodoro ya upepo yanayofaa kwenye baridi yamejazwa sponji au manyoya ya bata, au yamegawanywa ndani kwa kuta nyembamba nyingi, ili kila kifuko cha hewa kikae mahali pake. Shubiri ya majani makavu inafanya kazi hiyohiyo.

Adui mkubwa wa hewa hiyo ni unyevu. Mwaka 1911, katikati ya majira ya baridi ya Antaktika, wanasafara watatu wa Uingereza, Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard, walitembea wiki tano kwenda na kurudi rasi ya Cape Crozier kutafuta mayai ya pengwini. Walilala kwenye mifuko ya ngozi ya paa wa barafuni. Jasho na pumzi zao ziliganda ndani ya mifuko hiyo usiku baada ya usiku. Wa Cherry-Garrard ulianza na uzito wa kilo 8 hivi ukarudi na zaidi ya kilo 20. Kwa hiyo ukijifunika gubigubi, acha pua na mdomo nje, na nguo zilizolowa jasho mchana usilale nazo.

Pombe nayo inadanganya. Hufungua mishipa ya damu ya ngozini, ukajihisi umepata moto, kumbe unaumwaga nje haraka zaidi. Yale madai kwamba karibu nusu ya joto hupotelea kichwani pia si kweli: kichwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ngozi yote, na hupoteza karibu kiasi hicho. Kofia bado ni muhimu, kwani ukishafunika kila kitu kingine, kichwa ndicho tundu lililobaki.

Chupa ya maji moto inafaa kuliko nilivyoitarajia. Lita moja ikipoa kutoka nyuzi 90 hadi 35 hutoa joto linalokaribia lile ambalo mwili uliolala hulitoa kwa dakika 48. Ifunge barabara, ivishe soksi isikuunguze, iweke katikati ya mapaja.

Siku hizi, kabla ya kusinzia, hujilaza kwa robo saa, kisha naupitisha mkono chini kabisa, kati ya tandiko na ardhi. Mkono ukikuta udongo umepata vuguvugu, ninajua ni joto langu hilo. Basi naamka, blanketi moja la juu nalikunja mara mbili, nalitandika chini ya mgongo.